Laptopu Si Ramli

Naomba niseme neno juu ya ufundi wa malori, maana vijana wengi wanaomaliza shule wanautamani, na wengi huuingia kwa mlango wa nyuma.

Malori yatokayo Dar es Salaam huvuka mpaka Kobero, yakafika Muyinga, na mengine hupitia Karuzi kuja Gitega. Zamani fundi alitega sikio na kutazama moshi, akajua nozeli ipi mbovu. Malori ya siku hizi yana kompyuta ya injini, ya giaboksi na ya breki, nazo husemezana kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mtandao huo, uitwao CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Na lugha ambayo malori mengi huitumia ndani yake huitwa J1939. Basi kijana hununua laptopu, adapta ya kumtafsiria lugha hiyo, na programu. Hutafuta tundu la kuchomekea karibu na usukani, na kesho yake ataka aitwe fundi.

Mimi nasema bado.

Laptopu huonyesha namba mbili kwa kila kosa: ya kwanza yataja kitu, ya pili yaeleza kina nini. Tuseme imetokea 100, yaani shinikizo la oili. Kijana hukimbilia dukani kununua sensa. Je, ameitazama namba ya pili? Ikiwa ni 1, sensa yasema kweli: oili haina nguvu, injini izimwe mara moja. Ikiwa ni 4, volti ya sensa imeshuka mno; pengine waya umesuguana na chuma hata ukachubuka. La kwanza laweza kuua injini, la pili laweza kupona kwa utepe wa umeme. Asiyejua tofauti hiyo apiga ramli, na kuku wa mganga hulipwa na mwenye lori. Wako na wale wanaokijua kitufe kimoja tu, cha kufuta. Taa huzimika, fedha hupokelewa, na dereva huonana tena na taa ile ile kabla ya Karuzi.

Lakini kabla ya laptopu kipo kipimo ambacho sisi wanafunzi twakiweza. Kila mwisho wa zile nyaya mbili pana kizuizi cha umeme cha omu 120. Tenga betri, weka mita kati ya nyaya hizo: isome karibu na 60, kwa kuwa ni vizuizi viwili vilivyofungwa sambamba. Ikisoma 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Hesabu hiyo tumeifanya ubaoni mara nyingi, tukidhani ni ya mtihani tu!

Lori likikwama Muyinga, fundi akaagizwa kutoka Dar es Salaam, dereva na utingo wake hulala njiani siku zote hizo, na ujira huvuka mpaka pamoja na fundi. Ujira huo ungeweza kubaki hapa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliotutangulia, wenye gereji Gitega na Muyinga: tupokeeni wawili wawili katika likizo kubwa. Wiki ya kwanza msitupe laptopu. Tupeni mita, mchoro wa nyaya na lori lililotengwa betri. Najua mtasema tutaunguza kompyuta ya mtu; lakini kupima omu mahali pasipo umeme hakuunguzi kitu. Na shule yetu, kabla ya kuongeza kompyuta nyingine, na inunue mita kumi. Bei yake ni ndogo.

Aliye tayari kutupokea ampelekee mwalimu wa fizikia jina lake kabla ya likizo, aseme na idadi ya vijana awezao kuwachukua.

Mwanafunzi, Gitega