Mbegu ya Muhogo na Wajibu wa Kuitunza

Muhogo ni mgeni katika Afrika, ingawa mtu anayefuturu kwa muhogo wa nazi, au anayesonga ugali wa udaga kandokando ya Ziwa Viktoria, hana sababu ya kuuona hivyo. Kwao ni ukingo wa kusini wa msitu wa Amazon, katika nchi ya Brazil. Babu yake wa mwituni bado anaota huko: kichaka chenye matawi yanayoegemea miti mingine, na mizizi isiyojaza chungu. Mwaka 1999 Kenneth Olsen na Barbara Schaal walilinganisha vinasaba vya mihogo ya shambani na vya mimea ya mwituni, wakaonyesha kwamba asili ya muhogo wote ulimwenguni ni mmea huo na eneo hilo. Waliougeuza kuwa zao ni wakulima wa kale wasiojua kusoma wala kuandika. Msimu baada ya msimu, kwa maelfu ya miaka, walirudishia ardhini pingili za shina lililowapa mizizi minene, na mashina mengine wakayaacha.

Pingili ndiyo siri ya zao hili, na ndiyo udhaifu wake. Mahindi hupandwa kwa mbegu iliyotokana na wazazi wawili, kwa hiyo kila punje ina sura yake. Pingili ni mama yuleyule aliyekatwa vipande. Mkulima akipata shina jema moja, baada ya misimu michache anaweza kuwa na ekari nzima iliyo sawasawa na shina lile kwa utamu, kwa uzazi na kwa muda wa kukomaa. Lakini ekari hiyo iko sawasawa kwa unyonge pia. Ugonjwa unaoweza kuliangusha shina moja unaweza kuyaangusha yote, na ugonjwa uliokwisha kuingia katika shina hupandwa pamoja nalo kwa mkono wa mkulima mwenyewe.

Watu wa Amazon hawakuliacha jambo hilo hivyo. Muhogo hutoa maua na mbegu, na mbegu zikianguka huota zenyewe shamba linapofyekwa upya. Wamakushi wa Guyana, ambao kilimo chao kimechunguzwa sana na wataalamu, huiacha miche hiyo wakati wa palizi, kisha wakati wa kuvuna huitazama mizizi yake. Uliowapendeza hukatwa pingili na kuingizwa katika akiba yao. Kwa njia hiyo damu mpya huingia shambani bila maabara. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mche kama huo hung'olewa kama gugu, na hiyo ni hasara ambayo haiandikwi katika hesabu yoyote.

Wareno waliuleta muhogo kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Pwani ya mashariki ulichelewa, ukaenea hasa katika karne ya 18 na ya 19. Ulipokuja ulikuta adui ambaye haukuwahi kukutana naye kwao. Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, kutokana na mihogo ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Virusi vyake ni wenyeji wa Afrika na havikutoka Amerika. Muhogo uliozoea magonjwa ya Amazon kwa maelfu ya miaka haukuwa na kinga ya kutosha dhidi ya vile vya huku.

Dawa yake ilitafutwa Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na Waingereza wakakiendeleza. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walijaribu aina za muhogo kutoka sehemu nyingi, wakaona kwamba hata zile zilizostahimili hazikustahimili vya kutosha. Ndipo wakaugeukia mti ambao biashara ilikwisha kuutupa. Ulikuwa mpira wa Ceará, ndugu wa mwituni wa muhogo, ambao walowezi wa Kijerumani waliupanda kwa wingi ili kupata utomvu, hadi bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa mpira wa Asia. Mashamba yaliachwa, miti ikabaki uani na mipakani, na majani yake mpaka leo huliwa kwa jina la kisamvu cha mpira. Batobato haikuweza kuupata mti huo kwa urahisi.

Kuuoza na muhogo hakukuwa kazi ya msimu mmoja. Chotara wa kwanza walirithi kinga, na pamoja nayo walirithi mizizi ya mti: migumu, yenye nyuzi, isiyofaa chungu. Ikabidi wachavushwe na muhogo tena, na watoto wao tena, hadi mara tatu. Kila kizazi kiliachwa katikati ya mihogo iliyougua ili nzi weupe waeneze virusi kama kawaida yao. Mche ulioambukizwa vibaya uling'olewa, na uliosimama lakini haukuzaa uling'olewa pia. Walioupata muhogo wenye mizizi ya kulika na majani mazima waliupata kwa kutupa mingi kuliko waliyoibakiza. Anayedhani kwamba mbegu bora hununuliwa tu dukani na aangalie gharama hiyo.

Kazi hiyo, iliyoendelezwa na D. L. Jennings, ilisimamishwa mwaka 1957. Uamuzi huo haukuona mbali, na ungeweza kuyazika matunda yote ya kazi hiyo. Yaliokolewa kwa njia mbili. Kwanza, katika miaka ya 1950 mbegu kutoka Amani zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na katika kituo cha Moor Plantation, Ibadan, ikachaguliwa kutoka kwazo aina iliyopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilianzishwa mjini humo mwaka 1967. Miaka michache baadaye S. K. Hahn, mtaalamu kutoka Korea, aliitumia 58308 kuwa mzazi wa aina mpya, na mojawapo, TMS 30572, ikaenea Nigeria na nje yake.

Njia ya pili ni ya wakulima. Namikonga inayolimwa kusini mwa Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya zimeonekana kuwa aina moja, na asili yake ni chotara wa Amani mwenye namba 46106/27. Kituo kilikwisha kuisahau. Walioihifadhi ni watu walioona tu kwamba mizizi yake haiozi, wakapeana pingili kutoka mtu hadi mtu kwa zaidi ya nusu karne. Leo watafiti huitumia Namikonga kama mzazi katika kuzalisha mihogo inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule ambao Storey aliueleza mwaka 1936.

Uganda ilijifunza kwa njaa hatari ya kutegemea aina moja. Katika mashariki ya nchi wakulima wengi walikuwa wameikumbatia aina iitwayo Ebwanateraka, kwa kuwa ilizaa vizuri na iliuzika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianza kuenea kutoka upande wa Luwero, ikisonga kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Ilikuja kujulikana kwamba virusi viwili vilikuwa vimebadilishana vipande na kuzaa kimoja kikali zaidi. Ebwanateraka haikuwa na kinga, nayo ndiyo iliyokuwa kila mahali. Mashamba yaliachwa. Nafuu ililetwa na aina kama TMS 30572, iliyopewa huko jina la Nase 3: damu ya mpira wa Usambara ilikuwa imezunguka Ibadan na kurudi nyumbani. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ya nyanda za chini tu, ilionekana tena Uganda, na aina kadhaa zilizoishinda batobato zilishindwa nayo.

Kwa hiyo halmashauri zinazowahimiza wananchi kulima muhogo ili kujikinga na njaa zina wajibu wa kuuliza pingili zitatoka wapi. Tangu ukoloni mkazo wa sheria ndogo umekuwa juu ya ekari. Ekari iliyopandwa pingili zenye ugonjwa hailishi mtu, na hukaa pale kama chimbuko la kuambukiza majirani. Kila kata ingefaa kuwa na shamba la mbegu lililotengwa mbali na mihogo mingine, likaguliwe, na miche yenye batobato ing'olewe katika miezi ya mwanzo kabla nzi weupe hawajaongezeka.

Mkulima naye asisubiri siku ya kupanda ndipo atafute pingili kwa jirani. Batobato huonekana kwa macho, kwa hiyo shina jema litiwe alama lingali na majani. Michirizi hujificha: mche unaweza kuonekana mzima juu huku mizizi imekauka kwa madoa ya kahawia ndani. Shina la mbegu lichaguliwe wakati wa mavuno, mizizi yake ikatwe na kutazamwa, na lenye doa lisipandwe hata likiwa nene. Aina zisipungue mbili tatu katika shamba moja, ya mapema na ya kuchelewa, na ile ya wazee isitupwe kwa sababu tu imekuja nyingine yenye jina jipya. Ule mche unaoota wenyewe kwa mbegu uachwe mmoja mmoja hadi uvunwe. Ukipita misimu miwili au mitatu bila dalili, na mizizi yake ikiwa ya kulika, upelekwe Kibaha au Naliendele kwa aliye Tanzania, Mtwapa kwa aliye pwani ya Kenya, au Namulonge kwa aliye Uganda, upimwe huko pamoja na mihogo mingine.