Daftari la Wageni Lipo, la Wafanyakazi Liko Wapi?



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani hii, tokea mdomo wa mto Ruvuma, tupite Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimbas, tumelelewa katika msemo huo. Mgeni hupewa mkeka mzuri, maji ya kunawa na samaki mkubwa kuliko wote chunguni. Lakini leo nina swali kwa wenzangu wa mahoteli, maloji na nyumba za wageni. Je, mgeni akija, mwenyeji hupona kweli? Na siku ya hatari, nani huponywa na nani huachwa?

Nauliza nikiwa mtu aliyefanya kazi ya mapokezi kwa miaka mingi katika loji moja ya pwani hii. Sitaitaja jina, kwa sababu kusudi langu si kumsuta mtu mmoja bali kueleza desturi iliyoenea. Kila mgeni alipofika, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua daftari: jina lake, taifa lake, namba ya pasi, atokako, aendako, siku atakazokaa. Kila jioni nilihesabu funguo ili nijue nani yumo na nani hayumo. Mgeni mmoja akichelewa kurudi kutoka kwenye matumbawe, nahodha alitumwa na mashua kumtafuta. Hilo lilikuwa jambo jema, nami sina neno nalo.

Usiku mmoja mwaka 2020 zilifika habari kwamba kijiji cha jirani kimeshambuliwa na wale ambao watu wa hapa huwaita mashababi. Meneja alinitaka daftari. Akasoma majina moja moja, wageni wakaitikia, wakapandishwa mashua. Nilipomwuliza, "Na sisi, bwana?" alinijibu kwa upole kabisa: "Nyinyi ni wenyeji, mnajua njia."

Njia tuliyoijua ilikuwa mikoko na matope. Tulitembea humo hadi asubuhi: wapishi, watandika vitanda, dobi, mtunza bustani na askari mlinzi aliyekuwa na rungu na tochi tu. Baada ya siku nyingi tulikutana Pemba mjini, ndipo tulipogundua kwamba kijana mmoja msaidizi wa jikoni hayupo. Hakuna aliyekuwa amemtafuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama usiku ule alikuwa zamuni. Alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, mkono kwa mkono, na jina lake halikuandikwa popote. Mwenyezi Mungu alimnusuru, akafika akiwa mgonjwa, amevushwa na dau la wavuvi. Kama angekufa, hakuna karatasi hata moja ambayo ingeonyesha kwamba alikuwa kazini. Mama yake angeambiwa na nani? Angedai kwa nani?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kisa hicho ni cha ajabu. Mwezi Septemba mwaka huohuo 2020 kisiwa cha Vamizi, ambacho matajiri wa dunia walikuwa wakikijia kwa ajili ya matumbawe yake, kilivamiwa na hoteli ikachomwa. Kisha yakaja ya Palma.

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Watu wapatao 200 walikimbilia Hoteli ya Amarula, wageni wa kampuni na wenyeji wa mji pamoja. Helikopta ndogo za kampuni ya ulinzi ya Dyck Advisory Group zilibeba watu wachache kwa kila safari. Tarehe 26 msafara wa magari 17 ulitoka hotelini kuelekea ufukoni ukavamiwa njiani, na magari 7 tu ndiyo yaliyofanikiwa kupita. Mwezi Mei mwaka huo shirika la Amnesty International lilitoa taarifa, likitegemea maneno ya manusura, kwamba makandarasi weupe walitangulizwa kuokolewa na wenyeji weusi wakabaki nyuma. Kampuni ya helikopta ilikana.

Mimi sikuwapo Amarula, wala si kazi ya ukurasa huu kuhukumu. Ninachosema ni hiki: ubishi wa nani alistahili kupanda kwanza ulizuka kwa sababu mambo ya namna hiyo huachwa yaamuliwe siku ileile, katikati ya risasi. Utaratibu usioandikwa wakati wa amani huandikwa na mwenye nguvu wakati wa vita. Na mwenye nguvu hotelini si mtandika vitanda.

Tazameni pia jinsi watu wetu walivyohesabiwa baada ya msiba. Mwaka 2023, miaka miwili baadaye, mwandishi wa habari Alex Perry alichapisha hesabu iliyokusanywa kwa kupita nyumba kwa nyumba, iliyoonyesha zaidi ya raia 1,400 waliokufa au kutoweka. Mwaka huohuo manusura na jamaa za waliokufa, miongoni mwao watu wa makandarasi, walipeleka malalamiko Ufaransa dhidi ya kampuni ya TotalEnergies, na mwaka 2025 uchunguzi wa kisheria ukafunguliwa huko Nanterre. Kampuni imeyakataa madai hayo. Sheria itasema neno lake. Lakini kila mwenye akili aone jinsi ilivyo vigumu kudai haki ya mtu ambaye hakuandikwa.

Kwa nini nayafukua haya sasa? Kwa sababu wageni wanarudi. Mradi wa gesi wa Afungi ulisimamishwa Aprili 2021, na mwezi Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa hali hiyo ya kusimama. Mafundi, wakandarasi, askari, watu wa misaada, wote wanahitaji kitanda, chakula na shuka safi. Maloji yatafunguliwa, na vijana wetu watapanga mstari langoni kuomba kazi. Kazi tunaitaka. Si sisi tunaosema mahoteli yafungwe. Mwenye njaa hafungi jiko. Tunasema yafunguliwe kwa utaratibu mpya, kabla zamu ya kwanza haijaingia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya siasa yasiyohusu sheria ya kazi. Si kweli. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, iliyokuwa ikitumika siku ya Palma, ilisema kwamba mwajiri akisimamisha kazi kwa shida isiyo ya mfanyakazi, mfanyakazi atalipwa asilimia 75 ya mshahara mwezi wa kwanza, 50 mwezi wa pili na 25 mwezi wa tatu, bila kushuka chini ya mshahara wa kima cha chini. Ni wangapi katika sisi tuliolijua hilo? Na hata tungelijua, kibarua asiye na karatasi angeonyesha nini? Sheria hiyo sasa imerithiwa na Sheria namba 13 ya mwaka 2023, na viongozi wa matawi hawana budi kuisoma na kuwafafanulia wenzao.

Kadhalika Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, unaosema kwamba mfanyakazi anayeondoka kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ambayo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuheshimu misingi yake. Upo pia Mkataba namba 172 wa mwaka 1991, uliotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mahoteli na mikahawa, unaosema kwamba apate bakshishi asipate, mfanyakazi lazima alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi maalumu. Basi yule bwana asemaye "bakshishi za wazungu zitakutosha" akumbushwe mkataba huo.

Kwa hiyo napendekeza madai manne, nayo ni madogo kiasi kwamba mwajiri atakayeyakataa atakuwa amejieleza mwenyewe.

Kwanza, kila hoteli, loji na nyumba ya wageni iwe na daftari la zamu, likae mapokezi kando ya daftari la wageni. Liandikwe kila aliyeingia kazini na kila aliyetoka, awe wa kudumu, wa msimu, kibarua au mtu wa kampuni ya ulinzi. Nakala ya majina ikae mahali pengine mbali na hoteli, kwa maana karatasi huungua pamoja na nyumba.

Pili, utaratibu wa kuhamisha watu wakati wa hatari uandikwe na ubandikwe ukutani kwa lugha zinazosomwa na wafanyakazi. Wanaotangulia wawe majeruhi, wagonjwa, watoto na wajawazito, bila kuuliza rangi wala pasi. Nafasi katika mashua na magari zihesabiwe kwa watu wote waliomo ndani ya ua, si kwa vitanda vilivyokodiwa.

Tatu, kila mtu apewe mkataba wa maandishi tangu siku ya kwanza, na jina la mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea.

Nne, hoteli ikifungwa kwa vita au kwa tufani, malipo yafuate sheria. Tufani naitaja kwa makusudi. Kimbunga Kenneth kilipoipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019 na kuharibu vibaya kisiwa cha Ibo, mgeni aliyelipia chumba aliweza kudai fedha zake. Aliyekitandika chumba hicho alidai nini?

Najua jibu la waajiri. Watasema kwamba ukibandika habari za hatari ukutani, mgeni ataogopa na hatarudi. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi: usitaje mashababi mbele ya mgeni, tabasamu, mpe maji ya dafu. Lakini mgeni wa leo si mtoto. Amesoma habari kabla hajapanda ndege, na mlangoni amewaona askari. Kinachomtuliza ni kuona kwamba watu wa nyumba wanajua la kufanya. Mpishi anayejua kwamba naye ana nafasi mashuani atabaki kuwasaidia wageni kupanda. Anayejua kwamba ataachwa atakimbia mapema, na ni nani wa kumlaumu?

Watasema pia kwamba kanuni za namna hii hazitekelezeki. Tuwatazame ndugu zetu wa Tanzania, kwenye mlima Kilimanjaro, ambako mgeni hulala vibandani Mandara na Horombo na mpagazi humbebea mizigo. Huko mzigo wa mpagazi uliwekewa kikomo cha kilo 20. Sisemi kwamba dhuluma imekwisha mlimani, maana wapagazi wenyewe bado wanalalamikia malipo yao. Lakini kikomo kikiwapo, na mizani ikiwekwa langoni, mpagazi ana kitu cha kuonyesha kwa kidole na kusema: mzigo huu umezidi. Daftari la zamu ndilo litakalokuwa mizani yetu sisi wa pwani.

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu kujikosoa si aibu. Sisi wa vyama vya wafanyakazi nasi ni wageni wa mahoteli. Tunaitwa semina Pemba, tunaitwa mkutano Maputo, tunalala, tunakula, tunaandika maazimio mazuri kuhusu mshikamano. Ni nani katika sisi aliyewahi kumwuliza aliyemletea chai kama ana mkataba? Ni nani aliyeuliza kama jina lake limo katika orodha yoyote? Mara nyingine chama chetu chenyewe huchagua hoteli kwa kuangalia bei tu, na bei hiyo hushuka kwa sababu vibarua hawalipwi sawasawa. Tangu sasa kila tawi litakalokodi vyumba kwa ajili ya mkutano liulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, mna daftari la zamu, na je, siku ya hatari watu wenu mnawaondoa pamoja na wageni? Jibu likiwa hapana, twende nyumba nyingine.

Wala tusikae kitako tukimngoja mwajiri. Daftari ni karatasi na kalamu tu. Wapishi na wahudumu wa nyumba moja wanaweza kuanza kesho: mmoja achaguliwe kila zamu aandike majina ya wenzake, vibarua na walinzi wakiwamo, na alfajiri amkabidhi mwenzake wa zamu ifuatayo. Mwajiri akikuta jambo hilo limekwisha kuanza, itamwia vigumu kulikataza, na tawi litakuwa na ushahidi mkononi.

Yule kijana wa jikoni yu hai. Mwaka jana nilimkuta bandarini akipakua vyuma, bado kibarua. Nilimwuliza kama atarudi kwenye kazi za hoteli zikifunguliwa. Akasema atarudi, kazi anaipenda, ila safari hii anataka jina lake liandikwe.

Ndugu zangu, hilo ndilo dai letu lote. Mgeni na aje, karibu sana. Lakini mwenyeji apone pia.

Mapambano yanaendelea!