Alimantasio ya ordinateri si mahali pa kubania franka

Ku Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, siku hizi vijana wengi wanataka ordinateri ya kuchezea michezo, na mara nyingi ni mushahara wa papa wa mugodi njo unailipa. Hatuko hapa juu ya kuwakataza. Lakini tunaona namna wanavyoijenga: franka karibu yote inaingia mu karti ya picha, na ile kidogo inayobaki njo inanunua alimantasio, kile kisanduku chenye kugeuza umeme wa volti 220 wa ku nyumba kuwa ule wa volti 12 wenye mashine inatumia. Sisi tunasema wameanzia ku mwisho.

Watu wa mugodi wanaelewa hii bila kufundishwa. Nani anaweza kufunga kompresa ndogo ku nyundo kubwa ya hewa, halafu akashangaa kazi haiendi?

Tupige hesabu. Karti RTX 3060 inakula wati 170. Prosesa Core i5-12400F inaweza kupanda mpaka wati 117. Vile vingine vyote, diski, memori na vipepeo, tuviwekee wati 80. Jumla ni 367. Lakini karti inarukaruka juu ya kipimo chake, kwa muda wa kufumba jicho, njo maana NVIDIA yenyewe inaomba alimantasio ya wati 550.

Kuna wenye kusema: "Ya wati nyingi itakula moto mingi." Hapana. Alimantasio inavuta tu kile mashine inaomba, pamoja na kile inachopoteza yenyewe kwa joto. Kununua ya wati 1000 kwa mashine hii hakutapandisha sana faktire; utakuwa tu umetupa dola siku ya kununua.

Udanganyifu mkubwa uko ku etiketi. Unakuta 600 W kwa herufi kubwa. Usisimame hapo. Tafuta mstari wa +12V, uzidishe amperi mara 12. Ukikuta amperi 20, ni wati 240 tu. Ile 600 ni maneno. Ya kweli ya wati 550 itakuonyesha karibu amperi 45. Angalia pia alama 80 PLUS. Ile inasema umeme haupotei mingi kwa joto, lakini haisemi kila kitu: uliza tena kama ile kisanduku inajikata yenyewe wakati nyaya zinagusana ao volti inapanda.

Na kwetu delestaji tunaijua. Moto unaenda, unarudi na nguvu, ao unakuja dhaifu. Alimantasio mbaya ikiungua, inaweza kwenda pamoja na karti, na diski yenye picha za familia, na nyumba inaweza kushika moto. Kwa hiyo weka stabilizateri, na moto ukienda, toa fishi ku ukuta mpaka utulie. Ikiharibika, mtoto asiifungue: ndani mnabaki umeme hata ukiisha kuitoa ku fishi.

Tunajua jibu la wengi: "Franka haitoshi." Basi shusha karti, usishushe alimantasio. GTX 1660 Super inakula wati 125, na NVIDIA inaiombea wati 450. Michezo mingi itaendelea kuchezeka, na siku mushahara utaruhusu, karti kubwa itafuata.

Wauzaji nao, tunawaomba waache mteja asome etiketi mbele ya kulipa, na waandike garanti ku karatasi. Anayekataa, twende ku duka lingine. Na wapapa na wamama, mtoto akileta liste ya vitu vya kununua, ulizeni kwanza: amperi ngapi ku +12V? Kama hajui, franka ibaki kwanza mu mfuko.