Kijana na shimo la dhahabu: nani anaamua?

Wazazi wenzangu, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na nyinyi vijana munaosoma: kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, maneno ni yale yale katika nyumba zetu. Kijana anasema anaenda Misisi ao Kamituga kuchimba. Baba anajibu: « Ukitoka hapa, usirudie tena. » Mama analia. Kesho yake kijana yuko juu ya lori, hakuaga mtu.

Sisi wa sendika tunakutana na vijana hao kule kwenye mashimo. Ndiyo maana ninasema waziwazi: kumfukuza si kumlinda.

Tutenganishe kwanza umri. Asiyefikisha miaka 18 hana cha kuamua juu ya shimo. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamkinga na kazi za hatari, na sheria ya madini inatoa kadi ya mchimbaji kwa mtu mzima tu. Hapo mzazi aseme hapana, na hiyo hapana aigharamie: atafute minervali, asimtume mtoto kubeba mawe siku ya masomo. Umaskini tunaujua wote. Lakini mzazi anayekula dhahabu ya mtoto wa miaka 14, atamwambia nini akiwa na 19?

Akishafikisha 18, mambo yanageuka. Samaki mkunje angali mbichi; sisi wa pembeni ya ziwa tunajua ya kwamba ndagala ikishakauka, ukiikunja inavunjika. Kazi ya mzazi sasa si kuamuru, ni kuuliza. PDG wa shimo ni nani? Chakula na vyombo anavyokopesha, atavikata namna gani mbele ya kugawa? Maana shimo linaweza kukaa miezi bila kutoa kitu, na deni linapanda. Miti ya kushikilia udongo iko? Mvua ikinyesha munatoka? Kadi unayo? Utakaa mpaka lini? Kijana asiye na majibu aende ayatafute kwanza. Pengine atabadili nia mwenyewe, na nia uliyoibadili mwenyewe haikutoroshi usiku.

Wengine watasema: ukimuuliza hivyo, umekwisha kumruhusu. Hapana. Unaweza kumwambia: « Mwanangu, mimi sikubali, na sababu ni hizi. Lakini nyumba hii ni yako. » Kijana aliyefukuzwa anaona haya kurudi. Akiugua anabaki kule. Akiwa na deni anashuka shimo baya zaidi ili alilipe.

Mukumbuke Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020. Mvua ilinyesha, mashimo yakaanguka na watu ndani. Habari za kwanza zilitaja watu 50 hivi. Hata kuhesabu waliokuwa chini ilikuwa shida. Mzazi aliyeachana na mtoto wake kwa ugomvi, siku kama ile atatafuta wapi, na jina la shimo hakuambiwa?

Na nyinyi vijana musikie. Uhuru si kuzima simu. Mtu mzima anaaga, anasema anakaa kwa nani, anapokea simu ya mama hata siku hana franga. Na mama akisema shimo fulani ni baya, usimcheke. Wamama wanaotwanga mawe wanasikia habari za mashimo yote, za kutoa na za kuua.

Basi, nyumba ambayo neno hili limekwisha kuingia, mukae chini leo, mbele ya lori kuondoka. Baba aseme yake, mama aseme yake, kijana naye amalize bila kukatwa maneno. Akiwa mtu mzima na bado anaenda, aandike kwenye karatasi jina la shimo, la PDG, na namba ya simu ya mwenzake mmoja. Hiyo karatasi ibaki nyumbani.