Mgongo wa Mtu Si Kontenti

Najua kuna watakaoniblok leo, sawa tu. Zile klipu mnazoshea, mtu anapindwa shingo ka! ka! ka! kama tambara la deki, halafu chini mnajaza vicheko na mioyo, zinatuharibu. Zinawaharibu wagonjwa, na zinatuharibu sisi tunaosomea tiba ya viungo. Nasema hivi kwa sababu zilishaniharibu mimi.

Nilipoanza kushika wagonjwa nilipelekwa kliniki moja huku Tana Delta. Koti jeupe limepigwa pasi, simu mfukoni. Nilikuwa na ndoto moja tu: nipate mtu wa mgongo, nimlaze, nimgeuze, mgongo ulie, mwenzangu arekodi.

Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa mama kutoka Idsowe. Alikuja kwa bodaboda, amekaa upande kwa maumivu. Mama wa shamba, amebeba ndoo za maji na magunia maisha yake yote, na mafuriko ya 2023 yalipokuja akabeba vitanda na wajukuu pia. Nikajiambia hii rahisi, ni kazi nzito tu. Hata kiti sikuvuta.

Akaniuliza, "Mwanangu daktari, hivi ushawahi kumfanyia mtu?"

Nikamjibu, "Wengi sana, mama."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimewafanyia wanafunzi wenzangu tu, vijana wenye migongo mizima.

Nishamshika bega na nyonga, afisa wa kliniki aliyekuwa meza ya pili akasema, "Ngoja kwanza." Akaja akakaa. Mama, usiku ukilala unauma? Ee. Jasho? Ee, shuka linalowa. Na nguo zinakukaa kama zamani? Mama akacheka, akatuonyesha leso ilivyomzunguka kiuno.

Maswali matatu. Hata dakika tano hazikuisha. Akatumwa hospitali kubwa kupigwa eksirei na kupimwa. Majibu yaliporudi: kifua kikuu, kimeingia uti wa mgongo.

Wengi wenu mnajua TB ni ya kukohoa. Lakini inaweza kushika mifupa pia, ikala pingili za mgongo polepole. Pingili iliyoliwa hivyo ukiipinda kwa nguvu inaweza kuporomoka na kubana neva, na mtu aliyeingia kwa miguu akatolewa amebebwa. TB yenyewe ina dawa na inapona. Ujinga wangu je, ungeponywa na nani?

Kuna atakayesema naichukia kairopraktiki. Hapana. D. D. Palmer aliianzisha Marekani mwaka 1895, na leo kuna watu wanaoisomea miaka mingi, hata Afrika Kusini, kwenye vyuo vya Durban na Johannesburg. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo, limetaja tiba ya kunyoosha uti kwa mikono kati ya njia zinazoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Kwa hivyo mikono si adui. Adui ni mikono inayotangulia maswali.

Na ile sauti mnayoipenda? Ni mambo ya gesi kwenye majimaji ya kiungo. Si mfupa unarudi mahali pake. Mgongo unaweza kulia vizuri sana na ugonjwa ukabaki palepale.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: tunajifunzia kwa nani? Mtu wa Nairobi mwenye pesa akikosewa leo, kesho yuko kwa daktari mwingine. Mama wa Idsowe ameweka nauli wiki nzima, amefika, amemkuta mtoto mwenye koti jeupe, na amemwita daktari. Hana wa pili wa kumuuliza. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe, kisha akubali. Aelezwe nini kama mimi nimeshamdanganya?

Msinielewe vibaya, wanafunzi lazima tujifunze, na kwa watu halisi. Lakini tuseme, "Mimi ni mwanafunzi, na yule pale ananisimamia." Kama hakuna anayesimamia, weka mikono mfukoni. Na wewe mgonjwa, hata ukiwa na miaka 18, una haki ya kuuliza swali la yule mama na kupewa jibu la kweli. Maumivu yakikuamsha usiku, ukikonda bila sababu, ukipata homa, miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, usiende kwa mtu wa klipu. Nenda hospitali.

Yule mama alianza dawa. Tukikutana barabarani Garsen bado ananiita daktari, na mimi bado sijamwambia kwamba siku ile alikuwa wa kwanza. Nitamwambia. Video ya siku ile haipo, na nashukuru haipo.