TAHARIRI: Ukinyimwa ukaazi wa kudumu Uingereza, siku 14 hazingoji mtu

VIJANA wengi Wakenya wanaofanya kazi katika hospitali na makao ya wazee nchini Uingereza walienda wakiwa na hesabu moja kichwani: piga kazi miaka mitano, kisha omba ukaazi wa kudumu.

Lakini si kila ombi hupita. Kuna anayekataliwa kwa sababu alikaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12. Mwingine mshahara wake haukufika kiwango. Jibu likishaingia, ushauri wa WhatsApp unaanza kumiminika: jifiche, tafuta kazi ya kulipwa mkononi, rudi nyumbani ujipange upya. Ushauri wa aina hii umeharibia watu maisha.

Ukweli ni kwamba kukataliwa si kufukuzwa. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya 1971 kinamlinda aliyetuma ombi kabla ya viza yake kuisha. Hata viza hiyo ikiisha akisubiri jibu, ruhusa yake ya kuishi huko inaendelea kwa masharti yale yale, na kama aliruhusiwa kufanya kazi, anaendelea kufanya kazi. Akikataliwa, ulinzi huo unabaki katika muda aliopewa wa kupinga uamuzi. Akiupinga kwa wakati, unaendelea hadi apate jibu.

Muda wenyewe ni mfupi. Kwa aliye ndani ya Uingereza, kwa kawaida ni siku 14. Aliyeomba kwa njia ya kazi mara nyingi huomba Wizara ya Mambo ya Ndani ipitie upya uamuzi wake. Anayedai haki za kibinadamu, mathalani maisha ya familia yake, anaweza kukata rufaa kwa jopo la majaji. Aliyechelewa kutuma ombi hadi viza ikaisha hana ulinzi huu. Kwa hivyo, kijana, tarehe ya viza yako ijue kama unavyojua siku yako ya kuzaliwa.

Halafu kuna mtego wa safari. Ukitoka Uingereza kesi ikiendelea, ulinzi wa 3C unakatika, na rufaa uliyokata ukiwa huko inachukuliwa kuwa umeitupa. Hapa ndipo familia zinafaa kuelewa. Mtoto akikosa mazishi ya babake au ruracio ya dadake, msikimbilie kusema ati majuu yamembadilisha. Huenda tiketi hiyo moja ingemgharimu kila alichojenga kwa miaka mitano. Naye awaambie ukweli mapema, badala ya kuzima simu kwa aibu.

Kazini nako kuna presha. Ulinzi wa 3C hauji na kadi ya kumwonyesha bosi, na waajiri wengine huogopa faini wakamsimamisha mtu. Usinyamaze. Wizara hiyo ina huduma ya kuthibitishia mwajiri kwamba bado una haki ya kufanya kazi. Mwombe aitumie.

Pia jihadhari na maajenti. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai. Kabla ya kutuma hata senti, hakikisha anayekushauri ameidhinishwa.

Serikali yetu nayo isijitoe. Mnamo 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi na wahudumu wengine wa afya. Kijana anayeandaliwa kusafiri afunzwe haki hizi kabla ya kupanda ndege, na akikwama, ubalozi wetu London umwelekeze kwa wakili halali. Haitoshi kumkumbuka tu anapotuma pesa nyumbani.