Daftari la Wiki: Datsun langoni mwa Misfah

Kijiji cha Misfat al Abriyeen, au Misfah kwa ufupi, kilichojengwa juu ya mwamba katika mlima unaouelekea mji wa Al Hamra, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hakiingiliki kwa gari: vichochoro vyake ni vyembamba, ngazi zake ni za mawe, na kila mgeni hana budi kuacha chombo chake langoni akashuka kwa miguu. Hapo langoni ndipo nilipoikuta wiki hii Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango wazi, na mwenyewe, mzee aliyezaliwa Unguja akarejea Oman baada ya 1970, amepiga magoti akiubandua ubao wa ndani wa mlango.

Nilisimama kumtazama, maana kazi ile ina elimu yake. Reksini ya miaka zaidi ya hamsini imekwisha kukaushwa na jua la nchi hii, na plastiki iliyokuwa ikipinda siku ya kuundwa sasa hukatika kwa kuguswa vibaya tu. Tena ubao wenyewe umeshikwa na vishikizo vilivyofichwa nyuma, vikabana katika matundu ya bati, hata mwenye papara anayechomeka bisibisi popote akavuta hubaki na ubao uliochanika mkononi, na vishikizo vyote vimesalia mlangoni. Mzee aliiacha gari juani kwanza, reksini ipate uvuguvugu na kulainika. Kisha akauanza mpini wa kupandishia kioo, ambao nyuma yake umekaa waya mdogo wa chuma uliopindwa, usiofikiwa kwa koleo. Akapitisha kitambaa chembamba baina ya mpini na ubao, akakivuta huku na huku kama asuguaye kiatu, mpaka ule waya ukachomoka na kurukia vumbini.

“Utafute, mwanangu,” akaniambia. “Huo ukipotea, hapa hatuna pa kuununua.”

“Nimeuona, ami.”

Baada ya hapo akapapasa ukingo kwa kidole, na kila alipohisi kishikizo alitia kabari ya mti karibu nacho kabisa, akanyanyua kidogo, akahamia cha pili. Kabari ya chuma haitaki, kwani hukwaruza rangi, na penye mkwaruzo kutu haikawii.

*

Watu wa umri wangu huko Afrika Mashariki hawaitazami gari ya aina hii kwa macho makavu. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa ya tope na mashimo, na gari iliyoyastahimili ilipata heshima isiyonunuliwa kwa tangazo. Amma hapa Oman, mwaka 1970 barabara za lami hazikuzidi takriban kilomita kumi. Leo lami hufika mpaka langoni mwa Misfah.

*

Alasiri nilishuka bustanini, mitendeni na migombani, nikamwona mkulima akiondoa jiwe lililofungiwa matambara katika mdomo wa mfereji, maji ya falaji, yaani mfumo wa mifereji ya kumwagilia, yakageukia shamba lake. Zamu hupimwa kwa athar, yaani takriban nusu saa, na ikiisha jiwe hurudi pale pale. UNESCO iliingiza falaji tano za Oman katika urithi wa dunia mwaka 2006. Falaji ya Misfah haimo, ilhali yafanya kazi kwa adabu ile ile.

*

Nina ombi kwa kila aliyerithi gari ya namna hii, awe Muscat, Mombasa au Dar es Salaam. Ubao wa zamani, ujapokuwa umepasuka na kuvimba kwa maji, usiutupe mpaka mpya umekwisha kufungwa na mlango umefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Maana matundu yake ndiyo kipimo pekee ambacho fundi wako atakiamini, na vishikizo vipya visipolingana nayo hata nusu sentimita, mlango hautanyamaza njia nzima. Uandike nyuma yake upande wa kulia au wa kushoto, na vishikizo vyake uvitie katika mkebe mmoja pamoja na ule waya.